Kufanywa wana: je, aliyeasiliwa ni mtoto nusu mbele za Mungu?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni binti ambaye hakuzaliwa katika nyumba aliyokulia. Walinichukua nikiwa mdogo, wakanisomesha, na kwa chakula au mavazi sina la kuwalaumu. Ila wageni walipokuja, wenzangu walitambulishwa kama 'watoto wetu', na mimi nikawa 'huyu tunamlea'. Sasa katika mafundisho ya ubatizo tumeambiwa kwamba Mkristo ni mtoto wa Mungu kwa kuasiliwa, na kwamba Mwana halisi ni Yesu peke yake. Wenzangu walifurahi, mimi nikanyamaza. Je, ndiyo kusema hata kwa Mungu mimi ni yule anayelelewa? Na mbona Yohana anasema tumezaliwa na Mungu? Tumezaliwa au tumechukuliwa? La mwisho: neno 'Baba' hunikwama katika sala, kwa hiyo huanza na 'Bwana'. Nakosea?"

Marahaba, mwanangu.

Umeona nilivyokuita? Sikukuzaa, sikukulea, hata sura yako siijui. Lakini Kiswahili kinaniruhusu. Mtu mzima humwita kijana yeyote "mwanangu" na hakuna anayedhani kwamba limetajwa jambo la urithi. Ni neno la adabu tu. Nadhani swali lako zima limejificha hapo: Mungu anapotuita wana, anatuita kwa adabu, kama mimi nilivyokuita sasa hivi, au anasema jambo lililo kweli?

Yohana aliiona shaka hiyo ikija. Katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anastaajabia pendo la Baba, "kwamba tuitwe wana wa Mungu", halafu hapo hapo anaongeza maneno matatu: "na ndivyo tulivyo." Nakala nyingi za Kigiriki zilizoandikwa baadaye zimeyaruka maneno hayo, lakini yamo katika zile kongwe, na yamo katika Biblia yetu ya Muungano. Usiyapite haraka. Mtume hakutaka mtu abaki na jina bila kitu chenyewe.

Sasa tulishike lile neno lililokunyamazisha. Paulo ndiye mwenye neno hilo. Kwa Kigiriki ni *huiothesia*, neno lililoungwa kutokana na "mwana" na "kuweka": kumweka mtu mahali pa mwana. Limo mara tano tu katika Agano Jipya lote, nazo zote ni katika nyaraka zenye jina lake: Warumi 8:15, 8:23 na 9:4, Wagalatia 4:5, na Waefeso 1:5. Watafsiri wa Biblia ya Muungano hawakutumia "kuasili". Waliandika "kufanywa wana" na "hali ya kuwa wana". Mimi sioni ubaya wa "kuasili", maana limebeba "asili" tumboni mwake, kana kwamba mtu anapewa chimbuko jipya. (Ila lisichanganywe na "kuasi". Nimewahi kusahihisha insha ya mwanafunzi iliyotangaza kwamba Mungu ametuasi.)

Shida haiko katika neno. Iko katika picha tunayoibandika juu yake. Wewe ukisikia kuasiliwa unamwona mtoto mdogo asiye na pa kwenda, na watu wema waliomhurumia. Wasomaji wa kwanza wa Paulo waliona kitu kingine kabisa. Katika sheria ya Kirumi, aliyeasiliwa mara nyingi alikuwa mtu mzima, na sababu haikuwa huruma. Ilikuwa urithi. Mwenye nyumba asiye na mrithi alimchagua mtu wa kubeba jina lake, kushika mali yake na kuendeleza ukoo. Julius Caesar alipouawa mwaka 44 KK, wosia wake ulionyesha kwamba amemfanya kuwa mwanawe Octavian, mjukuu wa dada yake, kijana wa miaka 18. Huyo ndiye baadaye tukamjua kama Kaisari Augusto. Augusto naye akamwasili Tiberio mwaka 4 BK, na Tiberio wakati huo alikuwa na miaka 44. Klaudio akamwasili Nero mwaka 50, ingawa alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Britannicus, na Nero ndiye aliyepata kiti. Paulo anapowaandikia Warumi, yapata mwaka 57, Kaisari aliyeketi mjini mwao ni huyo huyo Nero. Kati ya Makaisari watano wa kwanza, watatu walifika pale kwa mlango wa kuasiliwa.

Kwa hiyo barua ile iliposomwa katika nyumba walimokutania Wakristo wa Rumi, wengi wao watumwa na watu waliowahi kuwa watumwa, hakuna aliyelisikia neno hilo kama daraja la pili. Walisikia neno la watu wa ikulu. Augusto alikuwa amechapisha hata katika sarafu kwamba yeye ni mwana wa aliyefanywa mungu, maana Caesar alitangazwa kuwa mungu baada ya kufa, na uana huo wa Augusto ulikuwa wa kuasiliwa. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni mwana nusu.

Hapa kuna jambo ambalo mahubiri hulitaja kwa nadra, nami nakuandikia kwa sababu linakugusa wewe hasa. Watu wa zama hizo walikuwa pia na neno lao la "huyu tunamlea". Kwa Kigiriki ni *threptos*, kwa Kilatini *alumnus*: mtu aliyelishwa na kulelewa katika nyumba, pengine mtoto aliyeokotwa, pengine mtumwa aliyekulia humo, bila kufanywa mwana kisheria. Aliweza kupendwa. Wapo waliojengewa makaburi yenye maandishi ya mapenzi makubwa. Lakini hadhi yake ilikuwa nyingine. Katika Asia Ndogo (Uturuki ya leo), ambako Galatia ilikuwamo, neno hilo limechongwa mara nyingi sana katika mawe. Paulo alipita katika nchi hizo kwa miguu. Hakukosa neno la kusema kwamba Mungu anatulea. Alipokuja kueleza sisi ni nani kwa Mungu aliliacha hilo, akachukua lile la mrithi. "Wewe si mtumwa tena bali u mwana," anawaambia Wagalatia, "na kama u mwana, basi, u mrithi."

Utaniambia: lakini hao uliowataja wote ni wanaume. Kweli, na neno la Kigiriki la "mwana" lina jinsia ya kiume. Kiswahili kimekuondolea mzigo huo bila wewe kujua, kwa kuwa "mwana" kwetu ni wa kike na wa kiume vilevile. Hata hivyo Paulo mwenyewe hakuacha mwanya. Katika Wakorintho wa Pili 6:18 anachukua ahadi ambayo Daudi aliahidiwa kuhusu mwanawe, naye anaipanua: "wanangu wa kiume na wa kike". Katika Wagalatia 3 anasema "ninyi nyote" mmekuwa wana, na aya mbili mbele anaondoa tofauti ya mtu mume na mtu mke. Ni nafasi ya mrithi, na binti ameketishwa humo.

Lazima nikuonye pia kuhusu jambo moja linalopenda kurudiwa madhabahuni. Husemwa kwamba sheria ya Kirumi ilimruhusu baba kumkataa mtoto wa kumzaa lakini ilimkataza kumkataa aliyemwasili. Ni hoja tamu, ila si ya kweli. Siku ile ile Augusto alipomwasili Tiberio, alimwasili pia mjukuu wake wa damu, Agrippa Postumus. Miaka michache tu baadaye alimtoa katika ukoo na kumpeleka uhamishoni katika kisiwa cha Planasia, na mwaka 14, Augusto alipofariki, kijana huyo akauawa. Alikuwa na damu na alikuwa na kuasiliwa. Vyote viwili havikumwokoa. Ninakueleza haya ili usije ukajenga utulivu wako juu ya sheria za Rumi, kisha siku moja mtu aliyesoma historia akakubomolea. Paulo mwenyewe hakujenga hapo. Alipotaka kusema kwamba uana huu hautanguki, aliuegemeza kwa Mungu mwenyewe, mwishoni mwa Warumi 8, ambako anapanga orodha ndefu, mauti, uzima, malaika, yaliyopo, yatakayokuwapo, na kusema kwamba hakuna hata kimoja kitakachoweza kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo Yesu.

Turudi nyumbani ulikokulia, maana nadhani jeraha liko pale. Kilichokuuma hakikuwa kulelewa. Kilichokuuma ni kwamba mezani palikuwa na watoto wa aina mbili, wewe ukawa peke yako katika aina yako. Sasa tazama nyumba ya Mungu. Nani humo ana hati ya kuzaliwa ya kukushinda? Utasema Israeli. Lakini Warumi 9:4 inawahesabia Israeli neno hilo hilo: kufanywa wana ni kwao. Mungu alimwambia Farao kupitia Musa kwamba Israeli ni mwanawe, mzaliwa wa kwanza wake, na taifa hilo wakati huo lilikuwa kundi la watumwa. Nao waliingia kwa kuchaguliwa. Mchungaji wako, wazee wa kanisa, bibi aliyebatizwa kabla hujazaliwa, Paulo mwenyewe, wote wameingia kwa mlango ule ule. Hakuna kikao cha watoto wa damu kinachokutazama kwa pembeni.

Isipokuwa mmoja. Na hapa mwalimu wako wa ubatizo hakukosea: Yesu si mwana kwa namna yetu. Karne ya 8 huko Hispania, Askofu Elipandus wa Toledo alifundisha kwamba Kristo kwa ubinadamu wake ni mwana wa kuasiliwa, na mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Frankfurt wa mwaka 794 ukalikataa fundisho hilo. Kanisa lilikuwa na sababu. Yesu akiwa mwana wa kuasiliwa kama sisi, basi hakuna Mwana wa kutupokea katika uana wake. Yeye ni Mwana kwa asili, sisi ni wana kwa neema. Tofauti hiyo haifutiki, na hata baada ya kufufuka anamwambia Maria Magdalena "Baba yangu naye ni Baba yenu", si "Baba yetu".

Lakini angalia huyu Mwana wa pekee anavyowatendea walioingia kwa neema. Waebrania 2:11 inasema haoni haya kuwaita ndugu zake. Na katika sala yake usiku ule wa mwisho, Yohana 17:23, anamwambia Baba kwamba "ukawapenda wao kama ulivyonipenda mimi". Kama ulivyonipenda mimi. Mimi nimefundisha aya hiyo miaka mingi, na bado sijui niiseme kwa sauti gani. Kama kungekuwa na upendo wa daraja la kwanza kwa Mwana na wa daraja la pili kwa wanaolelewa, hapo ndipo mahali ambapo ungetajwa.

Tumezaliwa au tumechukuliwa? Vyote viwili. Yohana halitumii kamwe neno la Paulo. Kwake mwamini amezaliwa, "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu", na hata jina la "mwana" kwa Kigiriki amemwachia Yesu, sisi akatuita kwa neno la "watoto", hata pale Biblia yetu iliposema "wana". Paulo anajibu swali la baraza la sheria: huyu ana haki gani, anarithi nini, zamani alikuwa mtumwa wa nani? Yohana anajibu swali la mkunga: uhai huu umetoka wapi? Mzazi wa kibinadamu anayeasili anaweza kutoa jina, nyumba, shamba, hata maisha yake. Hawezi kutoa damu. Miaka ikipita watu watasema mtoto amefanana na wake wa asili. Mungu hakwami hapo. Wagalatia 4:6 inasema kwa kuwa tumekuwa wana, alimtuma Roho wa Mwanawe mioyoni mwetu. Anayempa mtu jina lake anampa na pumzi yake. Ndiyo maana picha ya kuasili, hata ile bora kabisa, inaishia njiani.

Watu huniuliza pia kama wanadamu wote si watoto wa Mungu tayari, kwa kuwa amewaumba. Kwa maana moja, ndiyo. Paulo alikubali mbele ya Waathene kwamba "sisi sote tu wazao wake". Lakini Yohana 1:12 inasema wale waliompokea walipewa uwezo wa *kufanyika* watoto wa Mungu, na mtu hafanyiki kile alichokwisha kuwa. Hilo linatosha kwa leo.

Kuhusu makanisa, usishangae ukikuta kila moja likilieleza kwa lugha yake. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 uliiingiza hali hii ya kufanywa wana ndani ya maana yenyewe ya kuhesabiwa haki. Wapresbiteri waliipa sura yake, ya 12, katika Ungamo la Westminster, tamko lao la imani la mwaka 1646, sura ya aya moja tu. Waorthodoksi hupenda kuizungumzia kama kushiriki tabia ya Mungu, kwa maneno ya Petro wa Pili 1:4. Wote wanakubaliana kwamba si lakabu.

Sasa kile ambacho hukukiuliza wazi lakini nimekisikia. Unasema wenzako walifurahi, wewe ukanyamaza, na nadhani unajiuliza kama ukimya huo ni ishara kwamba kwako jambo hili halijatokea. Soma Warumi 8 taratibu. Aya ya 15 inasema tumekwisha pokea roho ya kufanywa wana. Aya ya 23 inasema bado tunaugua tukitazamia kufanywa wana, yaani, ukombozi wa mwili wetu. Paulo hakujisahau ndani ya aya nane. Uana umeshatolewa, na sehemu yake bado inasubiriwa, na katikati kuna kuugua. Wala urithi wenyewe hauji peke yake. Aya ya 17 inauunganisha na kuteswa pamoja na Kristo, nusu ambayo wahubiri wa mafanikio huifungia kabatini.

Kisha soma Luka 15, lakini safari hii usimtazame sana yule mpotevu. Unajua aliandaa hotuba yenye maneno "nifanye kama mmoja wa watumishi wako", na baba hakumpa nafasi ya kuyafikia. Mtazame kaka yake. Ni mtoto wa damu, hajawahi kuondoka, ana haki zote, na anasimama nje akihesabu miaka aliyotumika, kama kibarua anayedai mshahara. Ukiisoma vizuri utaona kwamba katika nyumba ile, aliyejiona mtumwa kwa miaka yote alikuwa huyu wa ndani. Na baba anamfuata nje yeye pia, anamwambia: "Mwanangu, wewe u pamoja nami sikuzote, na vyote nilivyo navyo ni vyako." John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti, alipokuwa akiyapitia maandishi yake ya ujana, aliandika kwamba siku zile alikuwa na imani ya mtumishi, ila bado hakuwa na ile ya mwana. Hakusema kwamba siku hizo zilikuwa za bure.

Hilo linanifikisha kwenye neno linalokukwama. Kuanza sala kwa "Bwana" si kosa. Zaburi zimejaa "Bwana", na ni katika hizo hizo, 27:10, mtu anasema baba yake na mama yake wamemwacha, bali Bwana atamkaribisha kwake. Endelea hivyo bila hatia.

Ila nikuoneshe jambo dogo kuhusu "Aba". Wengi wamefundishwa kwamba ni neno la mtoto mchanga anayejifunza kusema. Mwaka 1988 mtaalamu wa lugha za Biblia, James Barr, alionyesha kwamba hata watu wazima walilitumia kwa baba zao. Ni "baba" tu, kwa Kiaramu. Agano Jipya lina neno hilo mara tatu. Moja ni Gethsemane, Marko 14:36, na Yesu analisema akiwa na hofu ya kifo, akiomba kikombe kiondolewe. Mbili nyingine ni za Paulo, na mara zote mbili kitenzi chake ni cha kulia kwa sauti. Katika Warumi sisi ndio tunaolia. Katika Wagalatia ni Roho anayelia ndani yetu. Halikuwa neno la watu waliotulia.

Na wale waliolisema Galatia na Rumi, wengi wao hawakujua Kiaramu. Lilikuwa neno geni midomoni mwao, walilipokea kutoka kwa Ndugu mkubwa aliyelisema kwanza, wakawa wanalirudia bila lugha yake nyingine yoyote. Siku "Baba" ikikukwama, unaweza kujaribu hilo la kwake. Na siku nalo likigoma, Roho wa Wagalatia 4:6 hajangoja ulitamke vizuri ndipo aanze.